Nani Anasema, Nani Anasikilizwa: Mazungumzo ya Kazini na Uhai wa Taasisi

Mwaka 1973 mtafiti wa Kanada, Henry Mintzberg, alichapisha kitabu kilichouliza swali ambalo vyuo vya uongozi vilikuwa vikilipita juu juu: meneja akishafika kazini, hasa anafanya nini? Alikuwa amewafuata wakurugenzi wakuu watano wa Marekani, kila mmoja kwa wiki nzima, akiandika kila walichokifanya. Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba meneja hupanga, huratibu, huelekeza na hudhibiti. Mintzberg alikuta watu wanaozungumza. Asilimia 78 ya muda wao ilikwenda kwenye maongezi: vikao, simu, wageni wenye miadi na wasio na miadi, maneno mawili matatu ya kusimama mlangoni. Mipango na udhibiti havikuwa kazi nyingine iliyongoja maongezi yaishe. Vilifanyika humo humo ndani ya maongezi.

Matokeo hayo yamenukuliwa mara nyingi, lakini uzito wake haujachukuliwa inavyostahili, na kwetu Afrika Mashariki hata kidogo. Tunapotaka kurekebisha shirika, wizara, hospitali au shule, tunaanza na muundo: tunachora chati mpya, tunabadili majina ya idara, tunatoa waraka. Chati ile ya ukutani, yenye mkurugenzi juu na mistari inayoshuka hadi kwa mhudumu, ni ahadi tu ya namna mambo yanavyotakiwa kwenda. Taasisi yenyewe, ile inayoponya au kuua, inayowapa watu haki zao au kuwadhulumu, hujengwa upya kila siku kwa mambo ya maongezi: nani anaanza kusema, nani anangoja mpaka aulizwe, swali la nani linajibiwa na la nani linapita kama halikusikika, jambo lipi lina pa kusemewa na lipi halina. Anayeirekebisha taasisi bila kugusa mambo hayo atabadili karatasi, na kazi itabaki ilivyokuwa.

Msingi wa hoja hii uliwekwa na wanasosholojia waliochukua maongezi ya kawaida na kuyachunguza kwa makini. Mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha uchambuzi wa jinsi watu wanavyopokezana nafasi ya kusema. Walionyesha kwamba mazungumzo yanayoonekana kujiendea tu yana utaratibu mkali. Kila kauli hufungua nafasi ya kauli ya aina fulani: swali hudai jibu, salamu hudai kuitikiwa, na ukimya unaotokea mahali palipotarajiwa jibu nao huhesabiwa kuwa jibu. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba mahakama, darasa na chumba cha daktari hutofautiana na maongezi ya barazani kwa sababu mgao wa nafasi hizo umebadilishwa. Shahidi kizimbani hujibu, hamuulizi wakili. Mwanafunzi hunyoosha mkono. Mgonjwa hungoja daktari amalize. Deirdre Boden, katika kitabu chake cha 1994 juu ya mazungumzo ya maofisini, alisogea hatua zaidi: uamuzi mkubwa wa shirika ni nadra kukutwa umefanyika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Huwa umeshasukwa vipande vipande katika simu, salamu na mashauriano ya watu wawili wawili, na kikao huja kuutia muhuri.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba maongezi ni kazi, wala si mapumziko ya kazi, ulitoka kwa mafundi. Julian Orr, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake ndani ya kampuni ya Xerox, alikaa na mafundi wa mashine za kutolea nakala na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996. Kampuni iliwapa vitabu vya maelekezo vilivyopanga hatua za kufuata kwa kila hitilafu. Mashine, hata hivyo, ziliharibika kwa namna ambazo waandishi wa vitabu hivyo hawakuziwaza. Mafundi walizitatua kwa kusimuliana: wakikutana kula, mmoja alieleza kituko cha mashine iliyomsumbua, mwingine akakumbuka nyingine iliyofanana nayo, na katikati ya visa hivyo viwili chanzo cha tatizo kikajitokeza. Msimamizi anayehesabu saa angeona watu wanapoteza muda mezani, kumbe hapo ndipo ujuzi wa kampuni ulipokuwa ukihifadhiwa na kurithishwa. Gereji yoyote ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi inaishi kwa utaratibu huo huo, na mwanagenzi hujifunza zaidi kwa kusikiliza mafundi wakibishana juu ya injini kuliko kwa kuelekezwa.

Lakini kama maongezi ndiyo njia ya ujuzi, basi ndiyo pia mahali ujuzi unapokwama. Sekta iliyolazimika kulijua hili kwa gharama ya maisha ya watu ni ya usafiri wa anga, kwa sababu ndege zina vinasa sauti, na baada ya ajali wachunguzi husikiliza neno kwa neno yaliyosemwa na yasiyosemwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Tenerife katika visiwa vya Kanari, ndege mbili kubwa ziligongana ndani ya ukungu na watu 583 wakafa. Katika ndege ya Uholanzi iliyokuwa imeanza kukimbia ili iruke, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine ilikuwa kweli imeshatoka njiani. Kapteni, mtu mwenye jina kubwa katika kampuni yake, alimjibu kwa uhakika, na mhandisi hakuuliza tena. Mwaka 1990 ndege ya Avianca ilizungushwa angani karibu na New York kwa zaidi ya saa nzima, mafuta yakipungua. Rubani msaidizi aliyekuwa akiongea na waongozaji wa ardhini aliomba kupewa kipaumbele, kisha baadaye akasema kwamba mafuta yanawaishia. Kauli hiyo aliitia mwishoni mwa jibu la kawaida la kukubali maelekezo, na neno la dharura, ambalo lingefungua utaratibu mwingine kabisa, halikutamkwa. Ndege ilianguka kwa kukosa mafuta na watu 73 wakafa. Taarifa ilikuwepo katika misiba yote miwili. Mwenye kuijua aliisema, ila aliisema kwa namna ambayo mwenye uamuzi aliweza kuipita.

Msiba wa aina hii umetufikia na sisi. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala kwenda Nairobi katika hali mbaya ya hewa, na muda mfupi baadaye ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilisema marubani walipoteza mwelekeo gizani, na ikataja udhaifu wa ushirikiano kati yao pamoja na mkanganyiko kuhusu mtambo wa kujiendesha. Ndani ya mkanganyiko huo mna kitu kidogo kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Kapteni alitamka agizo la kuwasha mtambo. Kwa taratibu za urubani, agizo kama hilo hudai jibu, na jibu hufuatwa na kutazama kioo kuhakikisha kwamba mtambo umepokea. Jibu halikusikika, mtambo haukuwaka, na kwa karibu dakika nzima ndege ikawa haiongozwi na mtu wala mashine huku ikiinama upande polepole. Haiwezekani kuubebesha ukimya ule peke yake lawama ya msiba wote, na ripoti haikufanya hivyo. Lakini inatosha kuona kwamba katika mfumo wa mabilioni ya shilingi, uliojaa kompyuta na vyeti, usalama uliningʼinia kwenye neno la mtu mmoja kuitikiwa na mwenzake.

Sekta ya anga haikuishia kulaumu. Baada ya ajali ya Portland, Marekani, mwezi Desemba 1978, ambapo ndege iliishiwa mafuta huku wafanyakazi wake wakishughulikia hitilafu ya magurudumu, shirika la NASA liliitisha warsha mwaka 1979, na kuanzia 1981 mafunzo ya ushirikiano ndani ya chumba cha marubani yakaanza katika kampuni za ndege. Yaliyofundishwa ni mambo ya maongezi: kapteni kuwaomba wenzake kabla ya safari wamkatize wakiona kasoro, msaidizi kutaja wasiwasi wake waziwazi na kuurudia usipojibiwa, kila agizo kurudiwa kwa sauti na aliyepewa. Hata maneno ya redio yalipangwa upya. Neno la kuruka likaachiwa ruhusa yenyewe ya kuruka au kufutwa kwake, lisitajwe katika habari nyingine yoyote lisije likazua utata. Injini zilizoboreshwa na rada zina mchango wao mkubwa katika usalama wa leo. Lakini inafaa kukumbuka kwamba watu wa fani hii, wanaopenda vyuma na hesabu kuliko wengine wote, waliamua kwamba namna ya kusemezana nayo ni kifaa cha kazi, kinachohitaji kufundishwa, kupimwa na kutunzwa.

Kutoka kwenye ndege somo lilihamia kwenye chumba cha upasuaji, na hapo Tanzania iliingia moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha wakati wa upasuaji, lilichagua hospitali katika miji minane, na pamoja na London, Seattle, Toronto na New Delhi ilikuwemo Ifakara. Orodha ina vipengele 19 na inasimamisha kazi mara tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Katika kusimama kwa pili kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake, kisha daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi na muuguzi kila mmoja husema anachokihofia. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sehemu ya mafanikio hayo ilitokana na mambo ya kawaida, kama dawa ya kuzuia maambukizi kutolewa kwa wakati. Lakini waliobuni orodha walisisitiza kile kipengele cha kutajiana majina, ambacho mtu wa haraka angekiona ni adabu tu. Muuguzi aliyeshatoa sauti mara moja mbele ya mpasuaji, akasikika na akaitikiwa, amevuka kizingiti. Akiona kitambaa kimoja kimepungua kwenye hesabu, hatakuwa anaanza kusema kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza la maana linapoingia. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha matokeo ya hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha hiyo hiyo kwa agizo la mamlaka. Hospitali ziliripoti kwamba zinaitumia karibu kwa ukamilifu, lakini vifo havikupungua kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu. Mtu anaweza kusema: basi, maongezi hayana lolote. Lakini tuulize kilichopimwa ni nini. Kilichopimwa ni orodha kuwa imejazwa. Tuweke kando yake matokeo ya South Carolina, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2017. Kule hospitali hazikulazimishwa, zilialikwa kwenye mpango wa miaka kadhaa wa kuwaandaa viongozi, kuirekebisha orodha iwafae wenyewe, na kuwafundisha watu kuitumia kwa kusemezana. Hospitali 14 zilizoumaliza mpango huo zilipata vifo pungufu kwa asilimia 22 ukizilinganisha na hospitali nyingine za jimbo. Karatasi ni moja, matokeo ni mawili. Tofauti inayoelekea kuwa na uzito ni kama karatasi iligeuka kuwa mazungumzo au ilibaki kuwa vema zinazowekwa na mtu mmoja kwenye kona. Kwa hiyo Ontario haiivunji hoja, inaifafanua: utaratibu ulioandikwa hauokoi mtu mpaka upite midomoni na masikioni mwa wanaoufanya.

Hali hii inaonekana pia saa za kupokezana zamu. Utafiti uliofanyika katika hospitali tisa za Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafundisha madaktari vijana mpangilio maalumu wa kukabidhiana wagonjwa, ambapo anayepokea lazima arudie kwa maneno yake alichokielewa. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Kiini ni kule kurudia. Tufikirie ripoti ya asubuhi katika hospitali zetu: muuguzi wa zamu ya usiku anasoma idadi ya waliolazwa, waliojifungua na waliofariki, mganga mfawidhi anauliza maswali mawili, na wote wanatawanyika. Taarifa imetolewa, lakini hakuna kilichoonyesha imepokelewaje. Kwenye kundi la WhatsApp la kazini mambo ni hayo hayo: agizo linawekwa, zinafuata “sawa mkuu” kumi na tano. Neno “sawa” linathibitisha kwamba mtu ameona ujumbe. Halisemi ameuelewa vipi, wala kama ana shaka nao, na mwenye shaka huihamishia kwa mwenzake faragha, ambako haitamfikia aliyetoa agizo.

Tukitaka kuona taasisi inavyojitengeneza mbele ya macho yetu, tutazame kikao. Mwenyekiti anafungua, anasoma ajenda, na kabla mjumbe yeyote hajasema anatoa maelekezo ya jumla ambayo tayari yanaonyesha anakoelekea. Msemaji wa kwanza anashukuru kwa kupewa nafasi, anapongeza wasilisho, anaunga mkono hoja. Wa pili anaungana na msemaji aliyetangulia. Kufikia wa nne, mhasibu aliyekuja na wasiwasi kuhusu fedha za mradi ameshaelewa kwamba wasiwasi wake sasa utaonekana ni upinzani. Anauahirisha hadi “mengineyo”, wakati ambapo watu wameshafunga madaftari. Pengine hata hapo hausemi. Katibu anaandika kwamba wajumbe waliridhia kwa kauli moja, na kuanzia dakika hiyo muhtasari unakuwa ukweli wa taasisi. Kikao kijacho kitaanza na “yatokanayo”, na yatokanayo hayawezi kutokana na lile ambalo halikusemwa. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na walisema kweli kwa sharti moja: wengi hao wawe wamelitamka. Mahakama za kijeshi za Uingereza zina desturi ya kumtanguliza afisa wa cheo cha chini kutoa maoni, asije akavutwa na ya mkubwa. Ni badiliko la mpangilio tu, halihitaji bajeti, na linageuza kikao kizima.

Namna kauli inavyogeuka kuwa kumbukumbu nayo ni sehemu ya suala hili. Kwa miaka mingi katika mahakama za juu za Tanzania shahidi alitoa ushahidi kwa Kiswahili na jaji au hakimu akauandika kwa Kiingereza, na kilichokwenda kwenye rufaa ni maandishi hayo ya Kiingereza. Aliyesema mara nyingi hakuweza kukisoma kilichoitwa ushahidi wake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yalijadiliwa zaidi kama heshima kwa lugha ya taifa. Uzito wake kwa haki ni mkubwa zaidi: yanafupisha umbali kati ya alichosema mwananchi na kile ambacho taasisi inakumbuka kwamba alikisema.

Pingamizi la pili ni la mila, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Wapo watakaosema kwamba haya yote yanatoka kwa watu wa mbali, na kwamba kwetu mdogo kumsahihisha mkubwa hadharani ni utovu wa adabu. Kwanza, mhandisi aliyenyamaza Tenerife alikuwa Mholanzi. Uzito wa cheo mbele ya ulimi wa mdogo ni jambo la binadamu wote. Pili, heshima yetu haikuwa kamwe barabara ya upande mmoja. Shikamoo hudai marahaba, na mkubwa asiyeitikia ndiye aliyekosa. Tena kazini ngazi ni mbili zinazopishana: daktari kijana atamwamkia muuguzi mwenye umri wa mama yake, kisha baada ya dakika tano atampa maagizo. Watu wetu hupita katika makutano hayo kila siku kwa ustadi mkubwa. Muuguzi anayesema “samahani dokta, naomba tuhesabu tena vitambaa” hajavunja adabu, ameitumia kubebea jambo zito. Lugha yetu imejaa milango ya aina hii, na mithali ya kuuliza si ujinga inajulikana na kila mtoto. Kinachokosekana ni mkubwa kutangaza mapema kwamba mlango uko wazi, na kuonyesha kwa jibu lake la kwanza kwamba alimaanisha. Mzigo wa kufungua mazungumzo ni wa mwenye cheo. Kumwambia mdogo “uwe jasiri” huku mkubwa akibaki alivyo ni kumtupia mtu wa chini kazi ya kurekebisha taasisi nzima.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na ushahidi wa jambo hili katika miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu hizo ziliripoti mengi zaidi. Maelezo yenye mantiki yalikuwa kwamba hazikukosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema. Tafsiri ya matokeo haya kwa kiongozi ni ngumu kuikubali: idara isiyo na malalamiko na isiyo na taarifa za makosa yaweza kuwa ndiyo inayoficha mengi, na utulivu unaosifiwa kwenye ripoti ya mwaka waweza kuwa ni woga.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Linasema: mnazungumzia maongezi wakati tatizo ni mishahara midogo, uhaba wa watumishi na mgawanyo wa madaraka. Muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku hahitaji somo la lugha ya staha, anahitaji mwenzake. Ni kweli, na yeyote anayetumia mafunzo ya mawasiliano kukwepa kuajiri na kulipa vizuri anadhulumu mara mbili. Lakini ushahidi wa hapa hapa unaonyesha kwamba maongezi hayangoji mpaka mishahara ipande. Mradi wa Staha mkoani Tanga ulichunguza unyanyasaji wa akina mama wakati wa kujifungua, ukiwemo wa kufokewa, kudharauliwa na kuachwa bila kuhudumiwa. Wananchi na watumishi waliketi pamoja wakakubaliana juu ya mkataba wa huduma, kisha wodi ya wazazi ikapanga yenyewe mabadiliko yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mama kunyanyaswa ukipungua kwa takriban theluthi mbili, ukilinganisha na mahali ambako mpango haukufanyika. Nchini Kenya mradi wa Heshima uliofanyika katika vituo 13 ulishusha kiwango cha akina mama walioripoti kunyanyaswa kutoka asilimia 20 hadi 13. Hakuna aliyedai kwamba uhaba wa wauguzi ulikwisha. Kilichobadilika ni nani aliketi na nani, na yupi alikuwa na haki ya kumuuliza mwenzake.

Historia ya Tanzania inaonyesha pia kwamba wafanyakazi wenyewe hawakuwahi kutenganisha maneno na madaraka. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, katika kifungu chake cha 15, uliwapiga marufuku viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikichukua kifungu hicho kwa uzito kuliko walivyotarajia walioandika, na katika migomo iliyofuata hadi 1973, ambayo Issa Shivji aliichambua katika kitabu chake cha 1976, malalamiko makubwa yalihusu namna mameneja walivyowatendea na kuwasemesha, mara nyingi kuliko malipo. Serikali haikuivumilia migomo hiyo kwa muda mrefu. Lakini madai yale yana somo lisilochakaa: mfanyakazi anayetukanwa mbele ya wenzake anajua kwamba tusi ni tendo la utawala. Linampangia nafasi yake, linawaonyesha waliosikia kitakachowapata wakisema, na kesho yake linavuna ukimya. Anayetenganisha mishahara na heshima ya kauli, kana kwamba moja ni halisi na nyingine ni hewa, hajawasikiliza wanaofanya kazi.

Pingamizi la mwisho ni kwamba tumeshazidisha maneno, kwamba vikao vyetu ni vingi na virefu na kazi haisongi mbele. Ni lalamiko la haki, ila linaimarisha hoja. Kikao cha saa nne ambamo mtu mmoja amesema kwa saa tatu hakina mazungumzo mengi. Kina mazungumzo machache yaliyorefushwa. Orodha iliyojaribiwa Ifakara haikuchukua zaidi ya dakika chache. Thamani inapimwa kwa jambo lililofika kwa mwenye kuliamua, hata kama lilifika kwa sentensi moja.

Kutokana na haya yote, namna tunavyokagua taasisi zetu inapaswa kubadilika. Mkaguzi akifika leo huomba mafaili: waraka uko wapi, muhtasari uko wapi, orodha imejazwa. Aendelee kuomba, kisha aongeze maswali ambayo faili haliwezi kuyajibu. Mara ya mwisho mtumishi wa chini aliposimamisha kazi kwa sababu ameona hatari ilikuwa lini, na alijibiwa nini? Katika vikao vitatu vilivyopita, nani hakusema kabisa? Agizo likitolewa hapa, anayelipokea hulirudia, au husema “sawa” na kuondoka? Kiongozi anayeweza kuyajibu maswali hayo anaijua taasisi yake. Asiyeweza anaongoza chati, na siku ya hatari chati haitamwambia lolote. Kusikilizwa kazini kumekuwa kukihesabiwa kama fadhila ya bosi mwenye moyo mzuri. Ushahidi wa thieta, wa chumba cha marubani na wa wodi ya wazazi unatutaka tukuhesabu miongoni mwa wajibu wa cheo, sawasawa na kulinda fedha, na mwenye cheo awajibishwe akishindwa.